Jinsi ya kulikagua jumba la opera la mji mdogo Marekani mpaka uione komedi ya muziki ilivyokulia humo

Kama unakaa huku kaskazini mashariki mwa Marekani, Maine, New Hampshire, Vermont, Connecticut, na siku hizi Waswahili tumejaa tu huku, Wakongo, Warundi, Wakenya, Wabongo, basi kuna jengo unalipita kila siku ukienda kazini na hujawahi kulijali. Liko katikati ya mji, la matofali, madirisha marefu, juu limeandikwa OPERA HOUSE, na chini mara nyingi kuna duka au ofisi za mji. Wengi wakiona yale maandishi wanadhani humo matajiri walikuwa wanakaa kusikiliza opera ya Kitaliano. Wapi! Opera yenyewe ilipita humo kwa nadra sana. Jina waliliweka kwa ajili ya watu wa kanisani, maana karne ya 19 ukimtajia Mprotestanti wa kijijini habari za thieta kichwani mwake inakuja pombe na umalaya, ila ukimwambia opera, mzee wa kanisa anavaa koti lake anakuja na mama watoto.

Kilichochezwa humo ni maigizo ya kuliza watu, mazingaombwe, mihadhara, mahafali ya shule, dansi, na kadiri miaka ilivyoenda ndo ikaingia komedi ya muziki, yaani ule mchezo wa kuchekesha wenye hadithi nyepesi halafu katikati ya maneno watu wanaanza kuimba na kucheza. Broadway imebeba sifa yote, ila hela nyingi ilikuwa inavunwa kwenye miji ya namna hii, na msimamo wangu ni kwamba hata umbo la ile sanaa, kwanini imekaa vile ilivyokaa, utalielewa haraka zaidi ukisimama kwenye steji moja ya mji mdogo. Sasa nakupa njia ya kulikagua jengo kama hilo. Unahitaji laptopu au simu, futi ya kupimia, tochi, na Jumamosi moja isiyo na overtaimu.

Anza nyumbani, usikurupuke

Ukienda bila maandalizi utaona viti na pazia, utapiga selfi, utarudi. Kuna vitu vitatu vya kupekua kwanza na vyote ni bure mtandaoni.

Cha kwanza ni ramani za Sanborn. Hii kampuni ilianza 1867 kuchora ramani za miji kwa ajili ya watu wa bima ya moto, jengo kwa jengo, na Maktaba ya Congress imeziweka nyingi wazi. Andika jina la mji na jimbo, chagua mwaka, tafuta barabara kuu. Rangi ya waridi ni matofali, njano ni mbao, bluu ni mawe. Ukilivuta jengo lako karibu utakuta maandishi madogo madogo ndani yake, ukumbi uko ghorofa ya ngapi, steji iko upande gani, joto linatoka kwenye majiko au mvuke, taa ni za mafuta, gesi au umeme. Mtu wa bima hakuwa na habari na sanaa, alitaka kujua mtaungua vipi, ndo maana namwamini kuliko mwandishi wa gazeti. Fungua za miaka tofauti moja baada ya nyingine, utaona jengo la njano limepotea limekuja la waridi, ujue hapo katikati kulikuwa na moto, au utaona ukumbi umegeuka wa sinema, na hapo ushapata miaka ya kuanzia kutafuta.

Cha pili watu wengi hawakijui. Kuna kitabu kilikuwa kinatoka kila mwaka kuanzia 1896, Julius Cahn's Official Theatrical Guide, kipo kwenye maktaba za mtandaoni za HathiTrust na Internet Archive. Meneja wa kampuni ya maigizo ndo alikuwa anasafiri nacho, na kwa kila mji kimeorodhesha jumba lina viti vingapi, bei za tiketi, taa za aina gani, mdomo wa steji, yaani uwazi wa mbele, una upana gani na kimo gani, kutoka taa za mbele mpaka ukuta wa nyuma ni futi ngapi, sakafu ya steji ina vitobo vingapi vya mwigizaji kuzamia, wanamuziki wa hapo mjini ni wangapi, nani anabandika mabango, magazeti gani yapo, hoteli gani, reli gani inafika. Nakili hivyo vipimo kwenye karatasi, utavihitaji ukifika. Ila ile idadi ya viti alikuwa anaituma meneja wa jumba mwenyewe na yeye anataka kampuni zije, kwa hiyo usiimeze yote.

Cha tatu ni magazeti, na hapa ndo unaweza kulala saa nane usiku bila kujua. Chronicling America ni ya bure, ina mamilioni ya kurasa za zamani mpaka 1963. Weka jimbo, weka miaka, halafu utafute jina la jumba lako. Matangazo yana lugha yake na ukishaizoea unasoma mambo mengi kati ya mistari. Wakiandika kwamba tiketi zinapatikana duka la dawa, hiyo ilikuwa kawaida kabisa, duka la dawa ndo ofisi ya tiketi ya mji. Wakitangaza treni maalum baada ya onyesho, ujue watu walikuwa wanatoka vijiji vya jirani. Wakijisifu kwamba kampuni inakuja na okestra yake, maana yake kampuni nyingine zote zilikuwa zinatumia wanamuziki wa hapohapo, kiongozi wa muziki anashuka kwenye treni saa sita mchana na karatasi za nota mkononi, anawakusanya kinyozi na fundi saa na mwalimu wa shule, wanafanya mazoezi mchana, usiku wanapiga.

Na ukisoma kwamba wanakuja waigizaji walewale wa New York, usikubali kirahisi. Mchezo ukishapata jina pale Broadway, mwenye mali alikuwa anaunda kampuni ya pili, ya tatu, zote zinazunguka kwa jina moja, na kila moja inaapa kwamba ndo yenyewe. Kuna hifadhidata ya Broadway inaitwa IBDB, weka jina la mchezo, angalia tarehe. Kama nyota wa mchezo usiku huo alikuwa stejini Manhattan, basi mji wako uliuziwa namba mbili. Kwa mchezo uliopita kabla haujafika New York, au uliokuja baada ya kufungwa kule, hapo kuna uwezekano ukawa umepata dhahabu.

Nini cha kutegemea kwa miaka ipi

Hapa nitaenda haraka maana historia yenyewe ni ndefu, ila lazima ujue unachotafuta.

Mwaka 1866 mwezi wa tisa New York kwenye ukumbi wa Niblo's Garden ulifunguliwa mchezo The Black Crook, hadithi ya kishirikina isiyo na kichwa wala miguu ikachanganywa na wadada wa bale waliovaa nguo za kubana, ukachukua masaa matano na zaidi usiku wa kwanza, na ukachezwa mara 474, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Wengi wanauita mwanzo wa komedi ya muziki ya Kimarekani, wengine wanabisha, mimi siingii humo. Cha maana kwako ni kwamba ulienda barabarani miaka na miaka, wachungaji wakaulaani madhabahuni, na laana ya mchungaji ilikuwa tangazo la bure.

Halafu ikaja H.M.S. Pinafore ya Waingereza wawili, Gilbert na Sullivan, London Mei 1878, Boston Novemba mwaka huohuo, na kwa sababu sheria ya Marekani ilikuwa bado hailindi kazi za wageni, kila mtu akaiiba. Kampuni za watoto zikaicheza, kwaya za kanisa zikaicheza, miji ambayo haikuwa na habari na thieta ikaicheza. Ukipekua magazeti ya 1879 na ukakosa Pinafore kwenye mji wako nitashangaa sana. Huu ndo wakati ambao mtu wa kanisani aligundua kwamba unaweza kucheka na kusikiliza nyimbo na ukarudi nyumbani bila dhambi, na ilibidi Gilbert na Sullivan waje wenyewe Marekani wakafungue mchezo wao uliofuata, The Pirates of Penzance, hapohapo New York tarehe 31 Desemba 1879 ili angalau wapate chochote. Sheria ya kuwalinda wageni ikaja 1891.

Miaka ya 1890 mtafute Charles H. Hoyt. Huyu namkubali. Alizaliwa Concord, New Hampshire, makazi yake Charlestown, kamji kadogo kando ya mto Connecticut, akawa mpaka mbunge wa jimbo. Mchezo wake A Trip to Chinatown ulizunguka mikoani zaidi ya mwaka mzima kabla haujafunguliwa New York mwaka 1891, na ukachezwa mara 657 mfululizo, rekodi iliyokaa mpaka karibu 1920. Angalia mpangilio: kwanza wanauchezea huku, wanaona watu wa vijijini wanacheka wapi na wanasinzia wapi, wanakata, wanaongeza, ndo wanaupeleka mjini. Na nyimbo zilikuwa zinabadilishwa kama shati. Wimbo wa After the Ball wa Charles K. Harris haukuwemo mwanzo, mwimbaji aliuchomeka mchezo ukiwa Milwaukee 1892, watu wakapagawa, karatasi za nota zikauzwa mamilioni. Kwa hiyo ukikuta kwenye programu mbili za mchezo mmoja nyimbo tofauti, usidhani moja ni feki.

Baada ya 1900 ni George M. Cohan. Mtoto wa familia ya wasanii wa kuzunguka, mapumziko ya kiangazi walikuwa wanakwenda North Brookfield, Massachusetts, na mwaka 1908 akatoa komedi ya muziki Fifty Miles from Boston ambayo hadithi yake iko hukohuko North Brookfield. Mwendo wake wa haraka, maneno ya mtaani, bendera kila mahali, ndo ulioanza kumsukuma pembeni yule mfalme na binti mfalme wa operetta za Ulaya, yaani zile opera nyepesi, kwenye steji za Marekani.

Upande wa biashara jua kitu kimoja: kuanzia 1896 kundi la wafanyabiashara sita, wakina Klaw na Erlanger, waliunda kitu kinaitwa Theatrical Syndicate, wakashika ratiba za nchi nzima. Mwenye jumba akitaka michezo mizuri lazima asaini nao na wasio wao hawakanyagi kwake. Ukiona kwenye gazeti la mji wako meneja analalamika kwamba msimu huu kapewa michezo mibovu, huenda ndo hao. Ilipofika 1905 na kuendelea sinema za senti tano zikaanza kula soko, nauli za treni zikapanda, na jumba likaanza kufunga wiki, halafu mwezi.

Ukifika nje, usiingie kwanza

Zunguka jengo zima. Tafuta stesheni iko wapi, hata kama reli imeng'olewa ikawa njia ya baiskeli, maana mapazia na masanduku yalikuwa yanatolewa kwenye behewa kwa mkokoteni wa farasi, na kampuni ilikuwa na usiku mmoja tu, ikishuka mchana, inacheza usiku, inapakia, alfajiri imeondoka. Halafu angalia ukuta wa nyuma. Kama ukumbi uko ghorofani utakuta huko juu mlango mrefu mwembamba unaofungukia hewani, watu wanaulizana hicho kitu ni cha nini. Ni mlango wa mandhari. Walikuwa wanavuta mapazia na mbao kwa kamba na kapi kutoka chini. Simama hapo chini ulitazame halafu ujiulize kampuni ingeleta mandhari kubwa kiasi gani, ndo utaanza kuelewa kwanini komedi ilikuwa inapendwa na mameneja: watu wachache, nguo nzuri, nyimbo, mapazia ya kukunja, basi.

Kwanini ghorofani? Kodi. Chini kuna maduka yanalipa kila mwezi, juu kuna ukumbi unaolala wiki nzima. Ila kwa moto ilikuwa ni mtego. Tarehe 13 Januari 1908 kwenye mji wa Boyertown, Pennsylvania, watu 171 walikufa kwenye Rhoads Opera House, ukumbi wa ghorofani, watu wa kanisa wanacheza igizo lao, milango inafunguka kwa ndani. Na miaka minne nyuma, 30 Desemba 1903, Chicago kwenye Iroquois, jumba jipya kabisa la wiki tano, katikati ya mchezo wa muziki Mr. Blue Beard cheche ya taa ikashika pazia, zaidi ya watu 600 wakafa, wengi watoto maana ilikuwa likizo. Mchekeshaji Eddie Foy alibaki stejini na nguo zake za kuchekesha akiwaomba watu watulie huku okestra ikipiga.

Kwa hiyo ukifika mlangoni usiupite, ukague. Unafunguka nje au ndani? Bawaba zilihamishwa? Mara nyingi utaona kwenye fremu makovu ya bawaba za zamani yamezibwa na putty yakapakwa rangi. Kuna ile nondo ya kusukuma kwa tumbo, ambayo unaijua kutoka shule na wehausi, hiyo nayo imetokana na Iroquois, mfanyabiashara mmoja wa Indianapolis, Carl Prinzler, alikuwa aende kwenye onyesho lile akakosa, akashirikiana na wenzake mpaka kifaa kikaingia sokoni 1908. Ngazi ya chuma ya nje ukutani mara nyingi ni ya baada ya miaka hiyo. Linganisha na ramani zako za Sanborn.

Halafu uchochoroni. Ukiwa majimbo ya kusini usiache kutafuta mlango wa pembeni wenye ngazi yake peke yake mpaka juu kabisa kwenye balkoni. Hiyo ilikuwa ya watu weusi. Walilipa tiketi kama wengine, hawakupita mlango wa mbele, hawakukutana na wazungu kwenye ngazi. Baadhi ya majumba yameweka kibao cha maelezo, mengine yameziba kwa matofali na kukaa kimya, ila tofali jipya kwenye ukuta mkuukuu halijifichi.

Ndani

Anza na sakafu ya watazamaji. Kama imelala sawasawa, haina mteremko, viti vilikuwa vinatolewa ili watu wacheze dansi, na huku New England wafanye mkutano wa mji. Usishangae ukikuta mistari ya uwanja wa basketi.

Panda stejini kwa ruhusa. Toa futi, pima mdomo, pima kina mpaka ukuta wa nyuma, linganisha na ile karatasi ya Cahn. Ukikuta namba zinakubaliana, jumba halijaguswa. Zikitofautiana, kuna mtu alikata, na mara nyingi ni wakati wa kuweka skrini ya sinema.

Sasa inua kichwa. Kama juu ya steji kuna dari hapohapo karibu, maana yake hakukuwa na mahali pa kupandishia mandhari, mapazia yalikuwa yanakunjwa. Chini ya pazia kuna gogo la mbao la mviringo, kamba zinalizunguka, ukivuta, pazia linajiviringisha kutoka chini kwenda juu kama mkeka. Vermont wamehifadhi mapazia ya kuchorwa ya aina hii karibu 200, wazimu mtupu, kamji ka watu mia chache kana pazia la Venice. Pazia la matangazo ndo tamu zaidi, katikati kuna picha ya ziwa au kasri, pembeni kote visanduku vya biashara za mji, kinyozi, fundi majeneza, duka la viatu. Hapo unaweza kupata mwaka bila kuuliza mtu: chukua majina matatu manne ya maduka, yatafute kwenye magazeti, uone wote walikuwa wazi pamoja miaka gani. Namba za simu za tarakimu mbili nazo zinasaidia. Ila mkono wako ukae mfukoni, ile rangi ni unga uliokorogwa na gundi, jasho tu linaiharibu, na usithubutu kulikunja au kulikunjua mwenyewe hata kama kamba iko pale inakutazama. Tafuta kitobo kidogo kwenye usawa wa macho. Waigizaji walikuwa wanachungulia kuhesabu watu kabla ya kuanza, na kitambaa kuzunguka hicho kitobo kinakuwa cheusi kwa vidole.

Sasa hiki ndo nilichotaka ufike hapa ukione. Nyuma kidogo ya pazia la mbele, hatua chache tu, kulikuwa na pazia lingine limechorwa barabara ya mji. Simama kati ya mapazia hayo mawili, au kama hayapo simama pale yalipokuwa. Ni ukanda mwembamba, watu wawili wakinyoosha mikono wamejaa. Huo ukanda ndo ulioitengeneza komedi ya muziki. Ukimaliza onyesho la sebuleni unataka kwenda onyesho la bandarini, mafundi wanahitaji dakika tano za kubadilisha vitu, na watazamaji hawawezi kukaa gizani wanatafuna karanga. Basi linashushwa pazia la barabara, wanatoka wachekeshaji wawili mbele yake wanatupiana maneno, mmoja anaanza wimbo, wanacheza kidogo, nyuma huku unasikia watu wanaburuta meza na nyundo zinagonga, ndo maana wimbo wenyewe lazima uwe wa kelele. Wakimaliza, pazia linapanda, bandari iko tayari. Mpangilio huo, onyesho kubwa, wawili barabarani, onyesho kubwa tena, uliendelea mpaka Broadway ya miaka ya 1940 na 1950 kwenye majumba yenye mashine za kila aina, waandishi walishazoea kuandika hivyo. Waliokuwa wanakwenda kwenye maonyesho ya vikundi vya Muungano au TOT pale Dar miaka ya 90 wanaujua ujanja huu, kichekesho kinaingia pale vyombo vya taarab vinapopangwa.

Wimbo wa ukanda huo mara nyingi ulikuwa na beti zinazobadilishwa kila mji. Msanii anashuka treni, anauliza hotelini diwani gani kaiba, daraja gani halijaisha, usiku anamuimba. Kwenye magazeti utakuta wameandika kwamba vichekesho vya mambo ya hapa viliwaua watu mbavu. Hayo ndo mambo ya kukusanya, hayapo kwenye vitabu vya Broadway.

Malizia vyumba vya kuvalia, chini ya steji au pembeni, vidogo kama kabati. Piga tochi kutoka pembeni, usielekeze moja kwa moja ukutani, kwa mwanga wa kulala utaona majina yaliyoandikwa kwa penseli, jina la kampuni, tarehe, wakati mwingine tusi kuhusu hoteli. Piga picha bila flashi. Kila jina na tarehe ni kitu cha kupeleka kwenye Chronicling America usiku.

Kuhusu sura zilizopakwa masizi

Huwezi kufanya kazi hii bila kukutana na minstrel, wazungu waliojipaka masizi usoni wakiigiza watu weusi. Ilikuwa kila mji, hata kule kaskazini kabisa: Haskell, jumba lililojengwa juu ya mpaka, viti vingi viko Derby Line, Vermont, na steji iko Stanstead, Quebec, lilifunguliwa 1904 kwa onyesho la minstrel. Sehemu kubwa ya vichekesho vya wawili wawili vya kwenye ule ukanda vilitokea huko. Nakushauri usivipite kwa aibu, andika tarehe na jina la kundi kama kitu kingine, maana bila hivyo hutaona uzito wa kilichofuata.

Kilichofuata ni Bert Williams, mzaliwa wa Bahamas, na George Walker. Mwaka 1894 kwenye maonyesho ya San Francisco walilipwa kuigiza kama watu wa Dahomey, ambayo leo ni Benin, kwa sababu Wadahomey wa kweli walichelewa kufika, na wale walipofika jamaa wakaenda kuwatazama wakatoka na mawazo mengine kabisa kuhusu nyimbo na Afrika. Wakaja na In Dahomey, muziki wa Will Marion Cook, maneno ya nyimbo ya Paul Laurence Dunbar, hadithi ya Jesse A. Shipp, wakauchezea kwanza Stamford, Connecticut 1902, na mwezi wa pili 1903 ukawa mchezo wa kwanza mzima ulioandikwa na kuchezwa na watu weusi kwenye ukumbi mkubwa wa Broadway. Mara 53, halafu London, na Juni 1903 wakaucheza Buckingham kwa mfalme Edward VII. Williams mwenyewe alikuwa bado anajipaka masizi. Baadaye ukazunguka Marekani, kwa hiyo utafute kwenye magazeti ya mji wako, na ukiupata soma tangazo linasema weusi wakae wapi.

Wapi pa kuanzia kama mji wako hauna

Goodspeed, East Haddam, Connecticut, ndo ya kwanza kwenda. William Goodspeed, mfanyabiashara wa meli na benki, alilijenga kando ya mto, likafunguliwa 1877, chini kuna duka na abiria wa meli, juu kabisa thieta, waigizaji wanakuja kwa meli kutoka New York. Baadaye likawa stoo ya watu wa barabara, nusura libomolewe, likaokolewa na kufunguliwa tena 1963, viti 398, na tangu hapo ni komedi za muziki tu. Man of La Mancha ilipitia hapo 1965, Annie 1976, kabla ya New York, yaani biashara ileile ya Hoyt ya kuujaribu mchezo kwa watu wa mbali kwanza. Nunua tiketi, tazama wanavyobadilisha mandhari kwenye steji ndogo vile.

Claremont, New Hampshire, la 1897, liko jirani na Charlestown ya Hoyt, siku moja unamaliza zote mbili. Haskell ni zuri sana ila sikia, ule mstari mweusi sakafuni ni mpaka wa nchi kweli, askari wa mpaka wapo, na 2025 Marekani ilibana ile njia ya Wakanada kuingilia mlango wa mbele. Kama karatasi zako hazijakaa sawa, au una kesi ya hifadhi bado inaendelea, usiende, tazama picha.

Ukishamaliza, kusanya yako yote, vipimo, picha za majina, orodha ya michezo na tarehe, peleka nakala kwenye chama cha historia cha mji. Huwa ni wazee wawili watatu wa kujitolea, wanafungua siku moja kwa wiki, na wakiona umeleta kitu badala ya kuomba tu, wanafungua makabati, programu za zamani, mabango, wakati mwingine funguo za dari. Piga simu kwanza na uende kati ya Mei na Oktoba, maana majumba mengi hayawashwi joto wakati wa baridi na hakuna mtu atakayekupandisha darini mwezi wa pili.